Nisubiri RTX 5050 au ninunue kadi sasa?

Swali: "Habari fundi. Mimi ni mhariri wa video, kazi nyingi ni za ruracio (sherehe za mahari) na harusi, na usiku nacheza gemu za FC 25 na Warzone. Nina kompyuta ya Dell OptiPlex 7050 ile ya mnara, ex-UK (mtumba wa Uingereza), prosesa i5-7500, RAM GB 16, haina kadi ya grafiki. Nimeweka kando 45,000. Nasikia NVIDIA wanaleta kadi mpya ya grafiki, RTX 5050, mwezi ujao kwa dola 249, na kuna duka hapa tauni, katikati ya Nairobi, linaniambia nilipe 10,000 ya kushikia ili niwe wa kwanza kuipata. Itakuwa na nguvu kiasi gani? Inafaa kungojewa, ama nichukue RX 6600 (kadi ya AMD) ya mtumba saa hii?" (Msomaji, Kahawa West, Juni 2025)

Ndugu yangu, usilipe ile 10,000. Sababu zinafuata, ila nimeona hilo nilitangulize kabla hujafungua M-Pesa.

Tuanze na kadi yenyewe. Nilipoandika jibu hili mwishoni mwa Juni 2025, RTX 5050 ilikuwa imetangazwa juzi tu, tarehe 24, na NVIDIA walisema itaingia madukani nusu ya pili ya Julai. Vipimo huru vilikuwa bado. Lakini huhitaji kuiona ndipo uikisie. Karatasi ya sifa imeshatoka, na ukiisoma huku karatasi ya kadi ya zamani iko kando yake, utapata jibu ambalo halitakosea kwa mbali.

Chukua RTX 3050 iliyotoka Januari 2022. Viini (vitengo vidogo vya kukokotoa) 2560. Kumbukumbu GB 8 ya aina ya GDDR6. Njia ya kumbukumbu biti 128. Wati 130. Bei dola 249. Sasa isome 5050: viini 2560, GB 8 ya GDDR6, biti 128, wati 130, dola 249. Mara ya kwanza nilidhani nimefungua ukurasa wa zamani kwa makosa. Miaka mitatu na nusu imepita na tarakimu zote tano ni zilezile.

Anayeishia hapo atasema tunarudishiwa mzigo wa juzi kwenye boksi jipya. Sivyo. Kuna mistari miwili chini ya karatasi ambayo wauzaji wengi huwa hawafiki. Wa kwanza ni kasi ya viini: 3050 ilifika GHz 1.78, hii inafika GHz 2.57, nyongeza ya asilimia 44. Wa pili ni kasi ya kumbukumbu. Ya zamani ilipitisha GB 224 kwa sekunde, hii GB 320, yaani asilimia 43 zaidi. Barabara haikupanuliwa, ni njia zilezile, ila matatu zote zimetiwa injini mpya. Viini vilevile vikikimbia kwa asilimia 44 zaidi, na vikilishwa data kwa asilimia 43 zaidi, kazi nayo itapanda kwa kiasi hicho au kupita kidogo, kwa kuwa viini vya sasa vimeboreshwa pia kwa ndani. Mimi naiweka kati ya asilimia 50 na 60 juu ya 3050 kwenye skrini ya 1080p (Full HD).

Mahali hapo tayari pana mwenyeji: RTX 4060 ya Juni 2023. Basi tuzipambanishe hizo mbili. 4060 ina viini 3072 vinavyokimbia GHz 2.46. Zidisha viini kwa kasi kwa kila kadi, utaona 5050 inafikia kama asilimia 87 ya 4060. Lakini kumbukumbu ya 4060 hupitisha GB 272 kwa sekunde, kwa hiyo upande huo mgeni ndiye anayeongoza. Kisio langu: itakuwa nyuma ya 4060 kwa hatua chache, na kwenye gemu zinazopenda kumbukumbu yenye kasi zitakwenda sako kwa bako. FC 25 ya 1080p kwa kadi ya namna hiyo ni mchezo wa mtoto. Warzone itakwenda vizuri, mradi prosesa iweze kuendana nayo, na hapo ndipo penye shida yako. Nitafika.

Kuna michoro ya NVIDIA utakayokuwa umeiona, ile inayoonyesha 5050 ikiiacha 3050 mbali kabisa. Tazama maandishi madogo chini yake: DLSS 4, teknolojia ya NVIDIA ya kuongeza fremu (picha za kila sekunde), imewashwa. Kadi za familia ya RTX 50 zinaweza kubuni hadi fremu tatu na kuzipachika baada ya kila fremu moja iliyochorwa kweli. 3050 haina uwezo huo, kwa hiyo pale hawajalinganisha nguvu kwa nguvu. Fremu za kubuni si uongo, picha huwa laini kweli, ila kidole chako hakidanganyiki. Kama kadi inachora fremu 25 za kweli na zilizobaki ni za kubuni, macho yataona 100 lakini ukibonyeza pasi, mchezaji atakujibu kwa mwendo wa 25. Ukiwa unacheza na jamaa wa Githurai kwa dau la soda, utajua tofauti kabla ya dakika ya 20.

Sasa bei, maana dola 249 ni bei ya Marekani, tena kabla ya kodi ya mauzo ya huko. Kwa shilingi 129 kwa dola hiyo ni 32,121. Ikishuka uwanja wa ndege wa JKIA inadaiwa, kwa viwango vya 2025, VAT asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5, na tozo ya reli asilimia 2. Kwa hesabu ya haraka hizo tatu zinaongeza kama 6,600, unafika 38,700. Hapo ndege haijalipwa, duka halijalipa kodi ya pango, na mwenye duka hajala. Kweli anayeagiza kwa jumla kupitia Dubai hanunui kwa bei ya rejareja ya Marekani, lakini punguzo hilo nadra lifike kwako mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza duka linalipisha hamu yako. Binafsi natarajia kuiona tauni kati ya 42,000 na 48,000 mwanzoni, kisha ishuke taratibu kadiri maduka mengine yanavyopata mzigo.

Ndiyo maana sikutaka ulipe ya kushikia. Je, bei ya mwisho imeandikwa kwenye risiti? Kama haijaandikwa, hujashikiwa kadi, umeshikwa wewe. Wakisema Agosti kwamba ni 49,000, utachagua kati ya kuongeza 39,000 na kuanza safari ya kudai 10,000 yako.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa RTX 5060, iliyoingia sokoni Mei 2025 kwa dola 299. Inaangukia kama 46,500 kwa kanuni ileile, yaani 7,800 juu ya 5050. Kwa nyongeza hiyo unapata viini 3840 badala ya 2560, na kumbukumbu ya GDDR7, aina mpya zaidi, inayopitisha GB 448 kwa sekunde. Bei imepanda kwa asilimia 20, viini kwa asilimia 50. Hata kama fremu hazitapanda kwa kiwango cha viini, na hazitapanda, 5060 ndiyo yenye thamani bora kwa kila shilingi. Hili limekuwa desturi ya kadi za ngazi ya chini kabisa: ndizo rahisi kununua, na ndizo ghali ukigawanya bei kwa kazi. Kitu kingine kilichonikera kidogo ni kwamba 5050 ya laptopu imepewa GDDR7, ya mezani ikaachiwa GDDR6. Jina moja, chakula tofauti.

Lakini msomaji wangu, haya yote ni mazungumzo ya mtu mwenye kompyuta inayoweza kuibeba. Yako haiwezi.

Zima mashine, chomoa waya wa stima, fungua ubavu wa ile OptiPlex utazame pawa saplai. Ile ya mnara kwa kawaida huja na lebo ya wati 240. i5-7500 inakula hadi wati 65, kadi 130, jumla 195. Ongeza madabodi (bodi kuu), RAM, diski na feni, umefika ukingoni kabisa, na pawa saplai ya miaka minane iliyoshinda kwenye ofisi ya Uingereza haifai kuendeshwa ukingoni saa sita mfululizo huku unatoa video ya ruracio ya saa tatu. Halafu tafuta waya wa pini 8 wa kuilisha kadi. Hutauona. Nafasi ya PCIe kwenye madabodi, pale kadi inapochomekwa, inatoa wati 75 tu, zinazobaki lazima zipite kwenye waya huo. Na usifikiri utabadilisha pawa saplai kirahisi, kwa sababu madabodi hiyo ya Dell haitumii plagi ya pini 24 kama za kawaida. Utahitaji waya wa kubadilishia, na boksi lenyewe huenda likakataa pawa saplai ya ukubwa wa kawaida.

Kuna mtu tauni atakuambia hilo si tatizo, atakutolea adapta inayochukua umeme kwenye plagi ya SATA ya diski na kuugeuza kuwa pini 8. Nimeletewa mashine iliyofanyiwa hivyo. Mwenyewe alilalamika kwamba inajizima akifungua gemu. Nilipofungua ubavu nilipokewa na harufu ya plastiki iliyoungua kabla sijaona chochote. Ule waya wa manjano ulikuwa umegeuka kahawia karibu na plagi, na plagi imeshikana na diski kiasi cha kukatwa kwa koleo. Diski ilikufa, na kazi za wateja wake zilikuwa ndani yake. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba kama wati 54 kwenye volti 12. Pini 8 ya kadi ya grafiki inaruhusiwa kuvuta 150. Hesabu yenyewe inanuka moshi.

Hapo ndipo RX 6600 yako ya mtumba nayo inapoangukia. Ni kadi nzuri, GB 8, kwa 1080p naipenda, na ningekuwa na mashine ya kawaida ningeitafuta kabla ya 5050. Lakini inakula wati 132 na inataka pini 8 ileile. Mlango ni mmoja na umefungwa kwa zote mbili. Intel Arc B580, ambayo marafiki zako watakutajia kwa sababu ina GB 12 kwa dola zilezile 249, usiiguse kabisa kwenye mashine hiyo. Inakula wati 190, na Intel wenyewe wanataka prosesa zao za kuanzia kizazi cha 10. Yako ni ya 7.

Kwa nini nasisitiza mashine kuliko kadi? Kwa sababu nami niliwahi kuteleza. Mwanzo wa 2022 nilikimbilia kadi moja mpya ya bei ya chini, jina nitaliacha, nikaiweka kwenye mashine ya PCIe toleo la 3.0 kama yako. Haikunijia akilini kuuliza inatumia njia ngapi za PCIe. Ilikuwa nne tu. Kwenye PCIe 4.0 zingetosha, kwenye 3.0 kasi yake ilipungua nusu, na kumbukumbu yake ya GB 4 ilipojaa, gemu ilikwama kama gari kwenye matope ya Ruai. Kisha nikajaribu kutoa video nikagundua haina kabisa sehemu ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili. Niliyekosa ni mimi, karatasi ilikuwa inasomeka. Kwa hiyo niliangalia mistari hiyo ya 5050 kabla ya kitu kingine: ina njia nane, na ina sehemu ya kusimba video ya kizazi kipya, hata ya muundo wa AV1. Kwenye PCIe 3.0 ingepoteza kidogo tu, mpaka pale GB 8 zitakapojaa.

Tatizo kubwa zaidi lingekuwa prosesa. i5-7500 ina viini vinne na nyuzi nne, yaani kazi nne kwa wakati mmoja, basi. Warzone inataka zaidi ya hivyo. Ungeweka 5050, ungeona namba ya fremu inapanda, halafu kila ukiingia mahali penye watu wengi picha inaruka. Kadi ingekuwa imekaa ikingojea prosesa imalize. Na ukumbuke mwisho wa masasisho ya kawaida ya Windows 10 ni tarehe 14 Oktoba 2025, na i5-7500 haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Sioni sababu ya kuweka 45,000 zote kwenye gari ambalo bima yake inaisha.

Basi ufanye nini? Inategemea kitu ambacho hukuniambia: kamera.

Kama unarekodi kwa kamera za kawaida au simu, video zako karibu hakika ni za 4:2:0 (rangi zimepunguzwa ili faili iwe ndogo), na kadi yoyote ya miaka ya karibuni inazifungua bila jasho. Hapo nunua RTX 3050 ya GB 6. Inakula wati 70, haina waya wa ziada, inachukua umeme wote kwenye nafasi ya PCIe, na pawa saplai yako itaibeba. Huko Marekani ilianza kuuzwa kwa kama dola 170, kwa hesabu ileile ya kodi inaanzia 26,000 na ushee. Inasimba H.264 na HEVC, miundo ya kawaida ya kubana video, vizuri, na FC 25 itakwenda. Lakini soma boksi, maana hii si 3050 ile niliyoitaja juu. Viini ni 2304, njia ni biti 96, kumbukumbu inapitisha GB 168 kwa sekunde. Ni dhaifu waziwazi kuliko ya GB 8, na kuna wauzaji wanaozipanga rafu moja kwa bei moja. Kabla ya kulipa pia hakikisha nafasi ndani ya boksi, pima kwa rula kutoka nyuma ya mashine hadi kwenye kitundu cha diski. Zitakazobaki nunua UPS, betri ya kulinda mashine stima ikipotea. Stima ikirudi kwa kishindo Kahawa West, haichagui kadi mpya na ya zamani.

Kama unarekodi kwa Sony au Canon zile zinazotoa 4:2:2 ya biti 10 (video inayotunza rangi zaidi), mambo yanageuka. Umeshaona jinsi mstari wa kuhariri unavyosuasua ukiweka video hizo, hata kabla ya kuongeza rangi? Kadi nyingi hazina kifaa cha kuzifungua, kazi yote inarudi kwa prosesa. RTX 3050 haina. RX 6600 haina. Familia ya RTX 50 ndiyo ya kwanza ya NVIDIA kuzifungua yenyewe, H.264 na HEVC, na 5050 imo. Kwa mhariri wa ruracio hiyo ni sababu nzito ya kuitamani kuliko fremu zote za Warzone. Hapo nakushauri usinunue kadi yoyote mwezi huu. Uza OptiPlex ingali na soko, tafuta mashine yenye pawa saplai ya kawaida na prosesa ya viini sita, Ryzen 5 5600 inatosha kabisa, kisha chukua 5050 mwezi wa Oktoba hivi joto la bei likishatulia. Au, kama pesa haifiki, tafuta ex-UK yenye Intel ya kizazi cha 12 iliyo na grafiki ya ndani. Hizo hufungua HEVC ya 4:2:2 zenyewe, bila kadi. Ila kama kamera yako inaandika H.264 ya 4:2:2, hazitakusaidia.

Na kama hata baada ya haya utaamua kununua kadi ya mtumba ya kuweka kwenye mashine mpya, usilipe kadi ukiwa umesimama kaunta. Baada ya Ethereum, sarafu ya kidijitali, kuacha kuchimbwa kwa kadi tarehe 15 Septemba 2022, soko lilijaa kadi zilizokesha miezi mingi kwenye uchimbaji, na bado zinazunguka Luthuli Avenue na Moi Avenue zikiwa zimesuguliwa zikang'aa. Beba programu ya GPU-Z, inayosoma sifa za kadi, kwenye flashi. Mwaka jana nilimsindikiza binamu yangu kuchukua RX 580. Sanduku safi, stika mpya, muuzaji mcheshi kweli. Tuliifungua GPU-Z pale pale na ikaonyesha viini 2048, wakati RX 580 kamili ina 2304. Muuzaji akasema programu ndiyo imekosea. Tukamwambia basi atupunguzie kwa sababu ya makosa ya programu, na akapunguza papo hapo, jambo lililonithibitishia kwamba alijua siku zote. Ukishasoma viini, endesha gemu nzito kwa nusu saa huku unasikiliza feni. Asiyekubali ukae nusu saa dukani kwake, mwachie kadi yake.

Niandikie mambo mawili: jina la kamera yako, na kile kilichoandikwa kwenye mstari wa +12V wa lebo ya pawa saplai. Piga picha ukiweza, lebo za Dell huwa na maandishi madogo.